Blanketi Lililolala Nje

Kila asubuhi mimi ndiye hufungua zizi. Kazi yenyewe ni ndogo: kuvuta tawi la miiba kando, kusimama pembeni nisikanyagwe, na kuwaacha mbuzi wapite wakinigusa magoti, huku Yeyo, mama yangu, akiwatazama kutoka mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Yeye hawahesabu. Huwatazama tu, na kama kuna asiyekuwepo, anajua.

Asubuhi ile nilivuta tawi kama kawaida. Mbuzi wakaanza kutoka. Ghafla yule beberu mwenye pembe moja akaacha wenzake, akakata kona na kwenda moja kwa moja hadi kwenye ua wa mbele, ule unaotazama barabara. Nilipomfikia alikuwa tayari anatafuna pindo la blanketi.

Lilikuwa jekundu, lenye mistari myeusi. Nililijua. Jumapili jioni nililiacha sebuleni, juu ya kiti, likiwa bado ndani ya plastiki yake. Sasa lilikuwa limetandazwa juu ya miiba kama nguo iliyofuliwa, zito kwa umande.

"Yeyo! Nani ametoa hii blanketi nje?"

"Mimi."

"Mbona? Imelowa yote! Na Pembe-Moja ameanza kuikula."

"Aikule."

Nilimfukuza beberu, nikaanza kulitoa blanketi kwenye miiba.

"Iwache hapo, Nailantei."

Mama yangu hapazi sauti. Akishasema jina langu lote hivyo, taratibu, mikono yangu hujishusha yenyewe. Nikarudi mlangoni.

"Yule kijana alikuja Jumapili," alisema. "Akakaa kwa hicho kiti. Nikampatia chai. Nikangoja habari. Ametoka wapi, kwao mvua imenyesha, mama yake ako mzima, ni nini imemleta. Mtu akiingia kwa nyumba ya mtu anapeana habari, hata kama ni ya uongo. Yeye akaangalia ukuta. Akaangalia viatu zake. Akamaliza chai, akaweka blanketi kwa kiti, akaenda. Sasa hiyo ni nini?"

"Labda alikuwa na haya, Yeyo."

"Hata wewe uko na haya, na wageni unawasalimia." Akanywa chai yake. "Kitu imekuja kwangu bila habari, inalala nje. Siku mwenyewe atasema aliileta kwa nini, nitajua kama itaingia ama itarudi."

"Basi tuiweke nyuma ya nyumba. Hapa watu wanaona."

"Nimeiweka waone."

Ningemwambia kwamba usiku wa Jumapili nililichungulia lile blanketi mara kwa mara, kama mtu anavyochungulia mtoto aliyelala? Kwamba nililigusa kwa nyuma ya mkono, pale plastiki ilipochanika, nikajiambia, ameleta, ameleta kweli? Mambo hayo mimi siyasemi. Hata kanisani huimba mstari wa nyuma kabisa.

Na kulikuwa na sababu ya kuogopa macho ya watu. Kiwanja kinachopakana na chetu kilikuwa nyasi tupu tangu nizaliwe. Njia ya mifugo kwenda bwawani hupita katikati yake. Mwaka huu kampuni fulani ya Nairobi ilikinunua, ikasema itajenga ghorofa: majengo marefu, yamebanana, ya mamia ya familia. Tangu hapo kulianza kuonekana mablanketi. Mzee mmoja wa upande wa juu alipelekewa blanketi na kampuni, na wiki iliyofuata ikasemekana ameshakubali ghorofa zijengwe. Mjane wa ng'ambo ya barabara naye hivyo hivyo. Ilifika mahali mtu akionekana na kitu kipya begani, majirani wananyamaza akipita.

Yale ya kampuni yalikuwa mekundu. Yenye mistari myeusi.

Wacuka alifika kabla sijamaliza kukamua. Yeye hufuga kuku nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kila asubuhi huja na chupa yake ya maziwa na umbea wa jana. Siku ile alisimama barabarani, chupa mkononi, akilitazama ua letu.

"Mama Nailantei," aliita, "hata nyinyi?"

"Hata sisi nini?" Yeyo aliuliza.

"Hata nyinyi mmepewa?"

"Njoo uchukue maziwa, Wacuka."

"Nakuja, nakuja." Lakini hakusogea. "Ni vile Jumamosi tuko na mkutano wa ile maneno ya ghorofa. Na wewe ndio jirani wa kwanza. Mnapakana ukuta kwa ukuta. Wewe ukisema sawa, sisi wengine tutasema nini?"

"Nimesema sawa?"

"Sijui. Mimi naona tu blanketi."

Alichukua maziwa yake bila kuniuliza habari za kazini. Hiyo haikuwa kawaida yake. Alipoondoka nilimwona akigeuka mara mbili kuangalia, na nilijua kwamba kabla jua halijapanda, hadithi itakuwa imefika mpaka kwa mwenyekiti.

*

Nafanya kazi katika duka la agroveti, Kitengela mjini. Nilisomea mambo ya mifugo chuoni, na nikisimama nyuma ya kaunta ile, nyuma ya dawa za minyoo na magunia ya chakula cha ng'ombe, haya yangu hupungua kidogo. Kaunta ni kama ua.

Hapo ndipo yule kijana, Kiama, alinikuta. Alikuja kununua chokaa na kamba ya bluu ya nailoni. Alikuwa na buti zenye matope meusi ya kwetu, yale yanayoganda kama ugali, na sauti ya chini iliyonifanya niiname mbele ili nisikie. Nilimpimia kamba kwa mikono yangu, kutoka ncha ya vidole hadi kifuani, yeye akishika ule mwisho mwingine.

Kesho yake akarudi.

"Ile ya jana imeisha?"

"Imekatika."

Akarudi tena.

"Na hiyo?"

"Imeibiwa."

Siku nyingine aliingia, akasimama mbele yangu, akavua kofia yake ya kazi. "Nailantei, nimeishiwa na uongo. Nipatie tu kamba."

Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa anangoja dawa ya kuku naye akacheka. Baada ya hapo alikuwa anakuja bila sababu. Nilimfundisha kuwasalimia wamama wa kwetu kwa Kimasai: unasema *takwenya*, unangoja *iko*. Alijaribu kwa bidii, ulimi ukamteleza, akajaribu tena. Hatukuwahi kutaja neno kubwa lolote. Alikuwa akinitazama, mimi nikitazama mizani, kisha tunabadilishana.

Halafu jioni moja nilirudi nyumbani nikaikuta kamba ya bluu imevutwa toka kigingi hadi kigingi, kandokando ya ua wetu. Ile ile niliyoipima kwa mikono yangu.

"Sikujua ni kwenu," aliniambia kesho yake. "Mimi ni wa kupima tu. Nimeajiriwa. Naapa sikujua."

Nilimwamini. Karibu nimwamini kabisa. Kilibaki kipande kidogo tu, kama mwiba uliokatikia ndani, ambao hauumi mpaka ukanyage vibaya.

Na sasa nilikuwa nimekanyaga.

Alikuja dukani siku ile ile ya blanketi, saa za mchana ambapo hakuna wateja. Aliniona uso, akasimama mlangoni.

"Kuna nini?"

"Uliza wewe."

"Mama hakupenda?"

"Ulikunywa chai ya mama yangu, Kiama, na hukumpa habari hata moja. Hata mvua ya kwenu hukumwambia! Hata jina la mama yako! Uliweka kitu kwa kiti ukaenda, kama watu wa kampuni yako wanavyofanya."

"Nailantei, hapana, ngoja..."

"Watu wanapita wakitutazama. Wacuka amechukua maziwa kama mtu anayechukua kwa wezi. Na mimi sijui niwaambie nini, kwa sababu hata mimi sijui." Sauti yangu ilikuwa imepanda. Nikaishusha. "Niambie tu ukweli. Ile blanketi ilikuwa yako ama ya kampuni?"

Akavua kofia. Akaizungusha mkononi. Kwa mara ya kwanza sikumhurumia kwa haya yake, niliichukia. Alifungua mdomo.

Gari likapiga breki nje.

"Kiama! Hapa ndio unajifichanga?"

Aliyeingia alikuwa Ndung'u, msimamizi wa kampuni, mtu mnene mchangamfu anayenukia marashi, anayemwita kila mtu rafiki. Alinisalimia kwa mikono miwili.

"Aa! Huyu si msichana wa pale kwa jirani yetu? Ni yeye! Msalimie mama sana. Nimepita asubuhi nikaona blanketi kwa ua, nikafurahi mpaka nikapiga honi." Akamgeukia Kiama, akampiga bega. "Hii kijana sikuijua. Kimya hivi, na yule mama alitushinda sisi wote! Ulimwambia nini?"

Kiama alinitazama. Akamtazama Ndung'u. Ngozi ya shingo yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi na kwa kitu kingine.

Nilingoja. Neno moja lingetosha. *Si ya kampuni.* Nilikuwa tayari hata kulisoma machoni mwake.

"Twende, mkubwa," alisema. "Tutachelewa."

Wakaenda. Nikachukua bonge la kamba ya bluu kutoka kwenye rafu, nikalitupa chini ya kaunta, nyuma ya sumu ya panya, mahali ambapo singeliona.

*

Blanketi lililala nje wiki yote. Lilipigwa na umande, jua, na lile vumbi la malori ya kokoto. Pembe-Moja alimaliza pindo lote la upande mmoja. Mchana kutwa watu walipunguza mwendo wakifika kwetu. Mwenyekiti wa majirani, Mzee Mulinge, alipita akitembea na fimbo yake, na yeye ambaye miaka yote husimama kuulizia mbuzi, alikohoa tu akaendelea.

"Yeyo, tafadhali," nilimwambia jioni moja. "Tuirudishe. Nitaipeleka mimi mwenyewe."

Alikuwa akishona shanga, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Unataka irudi?"

Nikaokota shanga iliyoanguka.

"Nakuuliza wewe. Unataka irudi?"

"Sitaki watu waseme umenunuliwa."

"Hiyo sijauliza." Alikata uzi kwa meno. "Wewe na yule kijana mnafanana. Mngeenda kwa soko la Kajiado kuuza ng'ombe, mngerudi naye nyumbani kwa sababu hakuna mtu alimuuliza mnunuzi kitu."

Nilitoka nje nikijifanya naenda kufunga zizi. Nilisimama karibu na blanketi mpaka giza likaingia, mkono wangu karibu nalo, bila kuligusa.

*

Jumamosi walisimamisha hema pale pale kwenye kiwanja, juu ya njia ya mifugo. Viti vya plastiki, soda, spika moja iliyokuwa ikipiga miluzi. Kwenye ubao walibandika mchoro mkubwa wa rangi: ghorofa nyeupe, watoto wanaogelea, miti ambayo sijawahi kuiona Kitengela. Nilitafuta nyumba yetu kwenye ule mchoro. Mahali petu palikuwa pamepakwa kijani. Majani tu, na benchi.

"Umeona?" nilimnong'oneza Yeyo.

"Nimeona."

Majirani waliketi upande mmoja, sisi tukabaki na safu yetu peke yetu. Hakuna aliyetufukuza. Viti vilivyokuwa karibu nasi tu ndivyo vilivyokosa watu.

Kiama alikuwa amesimama kando, karibu na chombo chake cha kupimia chenye miguu mitatu. Alikuwa amekonda uso. Nilijikataza kumtazama, nikamtazama.

Mzee Mulinge ndiye aliyeanza. Alistaafu kutoka kiwanda cha saruji na huongea kana kwamba mashine bado zinanguruma.

"Mimi niko na swali moja! Kisima changu ikifika Januari inatoa mchanga. Hao watu wote wa huko juu watakunywa nini? Soda?"

"Mzee wangu, tutachimba kisima yetu," Ndung'u alisema kwa upole. "Ndefu kuliko zote."

"Ndio hiyo nasema! Ndefu kuliko yangu! Maji ni ile ile moja, wewe utaivuta kutoka chini yangu!"

Watu wakapiga makofi. Wacuka akainuka, leso kiunoni.

"Na choo? Hebu tuambie ya choo. Hayo maji yote yataenda wapi? Kwa sababu mimi niko huko chini ya mteremko, na mvua ikinyesha kila kitu inakuja kunisalimia. Kuku wangu hawajaomba hiyo."

"Mama, kila kitu iko kwa mpango."

"Mpango nimesikia. Nauliza choo."

Kicheko. Ndung'u naye alicheka, akajifuta jasho, akainua mkono.

"Marafiki. Mimi nawaelewa. Kitu kipya inatisha. Lakini hebu angalieni jirani wa karibu kabisa, yule tunapakana na yeye. Ghorofa itakuwa hapa na yeye hapa." Aliweka viganja vyake karibu karibu. "Huyo ndio angeogopa zaidi, ama? Na ameshatukubali. Si lazima niseme. Mnaona wenyewe."

Akanyoosha kidole kuelekea kwetu. Vichwa vyote vikageuka. Upepo ulikuwa umeanza, ule wa mchana unaotoka uwandani, na juu ya ua letu blanketi lilikuwa likipeperuka kama bendera.

Nilitamani kuwa yale majani ya kwenye mchoro.

"Mama Nailantei," alisema Mulinge. Safari hii hakupaza sauti, na hiyo iliniuma zaidi. "Mimi na wewe tuko hapa tangu nyumbu wakipita usiku tukiwasikia. Mzee wako alinionyesha mahali pa kuchimba kisima. Blanketi, mama? Kwa sababu ya blanketi?"

Yeyo aliinuka taratibu. Shanga za masikio yake zilicheza, kisha zikatulia.

"Mmemaliza?" aliuliza. "Hiyo blanketi hamjawahi kuiona kwa bega langu. Haijaingia kwa nyumba yangu tangu nijue haina habari. Nimeiweka hapo nje ili mwenyewe aione na nyinyi muione, mpaka mtu aseme ni ya nini. Wiki yote mmepita. Hakuna hata mmoja ameuliza. Mmeangalia tu." Akageuka. "Aliyeileta ndio yule pale. Sasa muulizeni."

Wote wakamgeukia Kiama.

"Kiama," Ndung'u alisema haraka, akitabasamu, "waambie tu. Ni zawadi ya ujirani mwema. Si ndio?"

Alikuwa amemfungulia mlango mpana. Kiama angesema ndio, na Jumatatu angeamka akiwa bado na kazi. Nilimwona akiutazama mlango ule. Kisha akavua kofia yake, akaiweka chini kwenye nyasi, kando ya chombo chake.

"Si ya kampuni."

"Nini?" Mulinge aliinamisha sikio.

"Si ya kampuni. Niliinunua mimi. Duka lilikuwa na rangi hiyo peke yake, hata mkubwa alinunua zake hapo. Sikufikiria."

"Ya nini sasa?"

"Kwetu..." Akaitazama kofia yake pale chini. "Kwetu siku ya kwanza mtu haongei. Anaenda tu kujua boma. Anabeba kitu, anakunywa chai, anarudi. Kuongea ni wazee wanakuja baadaye. Ukiongea wewe mwenyewe siku ya kwanza, ni madharau."

"Kujua boma? Boma gani? Ongea kama mtu!"

Lakini Wacuka alikuwa ameshashika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Ngai! Huyu mtoto alikuja kujua boma ya msichana anataka kuoa!" Aliketi, akainuka tena. "Wewe! Na mimi Mkikuyu mwenzako niko hapa nyumba ya tatu! Si ungekuja uniulize? Kujua boma kwa Wamasai na mdomo imefungwa, na blanketi ya kampuni! Haki ungechinjwa!"

Watu walianza kuelewa mmoja baada ya mwingine. Niliona uelewa ule ukitembea kwenye viti mpaka ukanifikia mimi. Uso wangu ulikuwa ukiwaka. Wiki nzima nilimdhania mabaya kwa sababu alikuwa amekuja kwa heshima, na heshima ya kwao ilikuwa imekaa kwenye kiti chetu ikifanana na hila.

Yeyo hakucheka.

"Mimi bado sijasikia," alisema. "Nilingoja habari Jumapili. Bado nangoja."

Kiama akatoka kando ya chombo chake. Akavuka nyasi, akapita mbele ya Ndung'u, akasimama mbele ya mama yangu na kuinamisha kichwa.

"*Takwenya*, yeyo."

"*Iko*."

"Nimetoka Ol Kalou," alisema. Sauti ilikuwa ile ile ya chini, lakini hakuna aliyehitaji kuinama. "Kwetu mvua imenyesha, viazi ziko sawa. Mama yangu anaitwa Nduta, ako mzima, magoti tu ndio inamsumbua kukiwa baridi. Baba alituacha nikiwa shule. Tuko na ng'ombe wawili na mmoja ni mkali. Mimi kazi yangu ni kupima mashamba. Sikujua hii ua ni yenu nikipima, na nilipojua, niliogopa kuacha kazi, na niliogopa kumwambia mkubwa ukweli mbele ya Nailantei. Hapo nilikosa." Akainua macho, na hayakumtazama tena Yeyo. "Ni yeye amenileta. Nampenda. Nilikuwa nanunua kamba sina pa kuifunga. Hiyo ndiyo habari yangu yote."

"Kiama," Ndung'u alisema polepole, bila kumwita rafiki safari hii. "Unajua unafanya nini?"

"Najua, mkubwa."

Yeyo alimtazama kama anavyowatazama mbuzi asubuhi, wakitoka, akitafuta kilichokosekana. Mwishowe akaweka kiganja juu ya kichwa chake kilichoinama, akakiondoa.

"Sasa imeongea," alisema.

Wamama wakapiga kigelegele. Lakini Mzee Mulinge aligonga fimbo yake kwenye kiti.

"Pole pole! Pole pole! Mimi nimezeeka, naona mbali. Kijana anapenda msichana, sawa. Lakini si ni kitu ile ile moja? Leo ni blanketi, kesho ni mahari. Mkwe ndio amepima ghorofa. Huyu mama atakataaje kazi ya mkwe wake? Tutakuwa tumenunuliwa na harusi badala ya blanketi!"

Kigelegele kikakatika. Wengine walitikisa vichwa. Nilisikia mtu nyuma akisema, hiyo ni kweli. Hata tabasamu la Ndung'u lilirudi kidogo.

Yeyo aliketi. "Mimi siolewi," alisema. "Msiniangalie mimi."

Wakaniangalia mimi.

Sijui niliinuka saa ngapi. Nakumbuka tu nyasi chini ya viatu vyangu, nikitembea kuwapa wote mgongo, nikifuata njia ya mifugo hadi kwenye ua wetu. Blanketi lilikuwa limeshikwa na miiba. Nililitoa taratibu, mwiba mmoja mmoja, na hakuna aliyeniharakisha. Lilikuwa limefifia. Pindo moja halikuwepo kabisa. Lilinukia vumbi na mbuzi, nukio la kwetu.

Nilirudi nalo begani.

Kiama alikuwa amesimama pale pale, mikono ikiwa imeshuka, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Nilisimama kando yake. Karibu, kiasi kwamba pindo lililobaki lilimgusa mkono. Kwa mara ya kwanza maishani hapakuwa na kaunta, wala mstari wa mbele wa kujificha nyuma yake.

"Mzee Mulinge," nilisema, na sauti iliyotoka nilishangaa kwamba ni yangu. "Hii ni vitu viwili. Msiifanye moja." Nikamtazama Ndung'u, nikautazama ule mchoro wenye majani mahali pa nyumba yetu, nikamtazama Kiama mwisho, ili asikie mwenyewe. "Huyu namtaka. Hizo ghorofa sitaki."